Nimegonga Muhuri, Kisanduku Kikageuka Sanduku!

Viatu sijavua! Nimeingia ndani, nimetupa begi kitandani, nimefungua laptopu na kuanza kuandika haya hata maji sijanywa, maana nikingoja mpaka kesho nitapasuka. Nimetoka Mbagala sasa hivi, kwa mama mdogo, kwenye kikoba chao cha Jumamosi, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, na nimeona kwa macho yangu haya mawili akina mama 18 wameinamia mchoro wa UML. Mchoro wa UML, jamani! Wanaubishia, wanaunyooshea vidole, wanausahihisha. Mmoja karanga alizokuwa anamenya zimemwagika mkekani na wala hakuziokota. Mwingine alinisukuma pembeni, mimi mwenye mchoro, ili aone vizuri. Nimesukumwa kwenye kazi yangu mwenyewe na sijawahi kufurahi hivi tangu nianze kazi hii ya programu.

Na bado!

Ngoja nianze mwanzo, la sivyo utadhani nimepigwa na jua. UML unaijua, au umewahi kuiona pahala: vile visanduku vya mstatili vyenye jina juu, orodha katikati, orodha nyingine chini, halafu mishale, mishale, mishale. Kazi yake ni kuchora programu kabla hujaiandika, kama fundi anavyochora ramani ya nyumba kabla hajachimba msingi. Nimeichora miaka na miaka. Na nikuambie ukweli, nilikuwa naichora kama mtoto anavyokunywa dawa ya minyoo. Si kwamba ni mbaya. Ni kavu! Kavu, baridi, haina uso. Mgonjwa wa hospitali ni kisanduku. Basi la mkoani ni kisanduku. Ng'ombe, risiti, mkataba, kijiji kizima cha watu: kisanduku, kisanduku, kisanduku. Ukiutazama mchoro kwa mbali huwezi kujua kama unahusu benki au bucha.

Mama mdogo ndiye aliyenitoa usingizini. Yeye ni mweka hazina wa kikoba, na wenzake wametaka programu ndogo ya simu ya kutunzia kumbukumbu zao. Miezi michache nyuma nilimpelekea mchoro wa kwanza, nimeuchapa kwenye karatasi kubwa, nimeupaka hata rangi. Akauvalia miwani. Akauzungusha. Akauangalia upande wa pili kama kuna kitu nyuma. Kisha akaniuliza taratibu, kwa huruma kabisa, "Mwanangu, hivi ni vyumba? Choo kiko wapi?"

Nilicheka mpaka machozi, lakini njiani kurudi sikucheka. Yule mama anakijua kikoba kuliko mimi ninavyoijua kompyuta. Kama mchoro wa kikoba chake unamfanya atafute choo, basi kosa si lake.

Ndipo nikauona mlango. Ulikuwepo siku zote! Nimeupita kila siku kama mtu anayepita mbele ya duka zuri huku anaangalia simu. Ndani ya UML kwenyewe kuna njia rasmi, halali, iliyoandikwa kwenye kiwango chenyewe, ya kuichukua lugha ile na kuivika nguo za kazi unayoifanya wewe. Inaitwa profaili. Si kuvunja UML, si kuibia, si kuandika maelezo kwa kalamu pembeni. Unaongeza msamiati wako mwenyewe juu ya ule wa zamani, na UML inaupokea kama vile imezaliwa nao!

Waliokusanya lugha hii, Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, walijua tangu mwanzo kwamba hawawezi kubashiri kila kazi duniani. Shirika la OMG lilipoipitisha UML mwaka 1997, vifaa vitatu vya kuipanulia vilikuwa tayari ndani. Ilipofika UML 2 mwaka 2005, ule mlango ukawekewa fremu imara na bawaba za kueleweka. Yaani mimi nimekuwa nikilalamika kwa miaka kwamba nyumba ni ndogo, kumbe kuna chumba kizima sijakifungua.

Kifaa cha kwanza, ah! Kifaa cha kwanza ndicho kilichoniua. Wahandisi wanakiita stereotaipu. Neno gumu, linakwaruza koo, na mimi nimeshalitupa. Mimi nakiita muhuri. Unatengeneza muhuri wenye jina, unaugonga juu ya kisanduku cha kawaida, na jina lile linatokea juu yake ndani ya zile alama za pembe mbili mbili, hivi: «sanduku». Hivi: «hisa». Hivi: «mkopo». Tangu dakika ile kisanduku hakiko peke yake tena duniani, kina kabila, kina ukoo.

Sasa sikiliza kwa nini muhuri. Kwenye kikoba, mwanachama akinunua hisa, haiandikwi tu kwa kalamu. Inagongwa muhuri kwenye kitabu chake! Hisa moja muhuri mmoja, hisa tatu mihuri mitatu, na asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake kwa kidole na hadhulumiwi hata shilingi. Mama mdogo amegonga mihuri maisha yake yote ya kikoba. Nilipomwambia leo, "Mama mdogo, huu nao ni muhuri, ila naugonga kwenye mchoro," aliniangalia kama mtu aliyekuwa akingoja muda mrefu niseme jambo la maana, akajibu, "Sasa si ungesema hivyo tangu siku ile?"

We acha tu!

Lakini narukaruka. Turudi Alhamisi usiku. Nilikuwa nimepakua Papyrus, programu ya bure ya kuchorea UML inayokaa ndani ya Eclipse, iliyoanzia kwenye taasisi ya utafiti ya CEA huko Ufaransa. Na hilo jina, simama kidogo ulionje: papyrus ni mafunjo! Mafunjo haya haya ya kwetu, ya kandokando ya Ziwa Victoria, yanayosukwa mikeka. Nilikaa nikacheka peke yangu. Kitu kimetoka Ufaransa na jina lake limeota matopeni huku.

Nikafungua ukurasa mpya, si wa mchoro wa kawaida, wa profaili. Mweupe kabisa. Unahisi kama umepewa ufunguo wa jikoni kwa mwenyewe. Kule kwenye michoro ya kawaida wewe ni mteja, unaagiza kilichopo kwenye menyu. Hapa unaandika menyu! Nikachora muhuri wangu wa kwanza, nikauita Sanduku. Nikaleta pembeni yake ile dhana ya msingi ya UML inayoitwa Klasi, yaani mama wa visanduku vyote. Kisha nikavuta mshale kutoka kwenye muhuri kwenda kwa Klasi, kuiambia UML: muhuri huu unagongwa kwenye vitu vya namna hii tu.

Na mshale wenyewe! Una kichwa cha pembetatu nyeusi, imejaa, nzito, inakaa kwenye mstari kama ncha ya mkuki. Si ile pembetatu tupu ya urithi ambayo tumeizoea. Nilikosea mara ya kwanza nikachora ile tupu kwa mazoea ya vidole, nikashangaa kwa nini muhuri haugongeki, nikalaumu laptopu, nikalaumu umeme, nikalaumu joto la Dar es Salaam. Kumbe ni mimi. Ile tupu inasema "huyu ni mtoto wa yule." Ile nyeusi inasema "huyu anamwongezea yule kitu." Tofauti ya wino tu, na maana zimeachana kama Kigoma na Tanga.

Nikarekebisha. Nikahifadhi. Nikafungua mchoro wangu wa zamani, ule wa vyumba visivyo na choo. Nikauambia utumie profaili yangu. Nikabofya kisanduku kimoja. Nikatafuta kwenye orodha ya mihuri... na neno la Kiswahili lilikuwa pale! Limekaa katikati ya maneno ya kigeni kama shangazi aliyefika harusini bila kualikwa na akapewa kiti cha mbele. Sanduku. Nikaligonga.

Jamani, nilisimama. Nilisimama kabisa nikazunguka kiti.

Na bado! Maana muhuri unaweza kuwa na sura. Hulazimiki kubaki na maandishi tu, unaweza kuupa kijipicha. Kule nyuma kabisa Jacobson alikuwa na vile vialama vyake vya duara, duara lenye mshale, duara lenye mstari chini, duara lenye kimkono pembeni, na watu walivipenda kwa sababu jicho linavitambua kabla ubongo haujasoma. Basi nami nikakaa, saa sita za usiku, nikachora sanduku la bati. Dogo kama ukucha. Nikalichora na kufuli tatu mbele, moja, mbili, tatu, kwa sababu sanduku la kikoba bila kufuli tatu ni ndoo tu. Vikundi vya aina hii, vilivyoanzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, sanduku ndilo benki yao: kufuli tatu, funguo tatu, kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wamekaa mkutanoni. Nikakiambatisha kijipicha kwenye muhuri. Nikarudi kwenye mchoro.

Kisanduku kiligeuka sanduku! Pale pale, mbele yangu. Ule mstatili mkavu wa miaka yote ukavaa bati na kufuli. Nilikikuza mpaka kikajaa skrini nzima, nikakipunguza mpaka kikawa kama punje ya mtama, na bado kilikuwa sanduku. Nikaenda kuwaamsha watu, nikakumbuka naishi peke yangu.

Kifaa cha pili ni vibandiko, yaani zile nafasi za taarifa unazozipachika kwenye muhuri wako. Nadhani utavipuuza kama nilivyovipuuza mimi. Usivipuuze! Nilidhani ni mapambo. Nikauwekea muhuri wa «hisa» vibandiko vitatu: bei, idadi ya chini, idadi ya juu. Kisha kila mahali nilipougonga, zile nafasi zikachipuka zenyewe pale chini ya skrini zikiningoja nizijaze. Kama mhudumu mzuri wa hoteli anayekuuliza chumvi, pilipili, ndimu, bila wewe kuita. Mwanachama ananunua hisa 1 mpaka 5 kwa mkutano, nikajaza 1, nikajaza 5. Ndio hivyo! Kanuni ambayo ilikuwa imejificha kwenye kichwa cha mama mdogo, na kwenye daftari lenye doa la mafuta ya taa, sasa imekaa kwenye mchoro, mahali pake, na mtu wa programu hawezi kusema hakuiona.

Nikalewa. Nikiri tu. Kufikia alfajiri nilikuwa na mihuri 14. Muhuri wa mwenyekiti, wa katibu, wa daftari, wa kalamu, wa mkeka! Nani anahitaji muhuri wa mkeka? Asubuhi nilipoutazama mchoro kwa macho yaliyolala kidogo, ulikuwa umechafuka kama ukuta wa stendi wakati wa uchaguzi, kila kitu kinapiga kelele na hakuna kinachosikika. Nikaanza kufuta, mmoja baada ya mwingine, roho inauma. Swali nililojiuliza ni moja: je, kitu hiki kina kanuni yake ambayo klasi ya kawaida haiwezi kuibeba? Kalamu haina. Mkeka hauna. Ikabaki sita: sanduku, mfuko, hisa, mkopo, faini, mwenye ufunguo. Sita tu, na mchoro ukapumua.

Sasa kaa vizuri, maana kifaa cha tatu ni masharti, na masharti ndiyo yaliyonitoa jasho na kunipa raha isiyo na mfano. Hapa unaandika kanuni ambayo mchoro wenyewe utajikagua nayo. Lugha yake ni OCL, fupi, kali, haina porojo. Niliandika mstari huu mmoja kwenye muhuri wa sanduku:

self.wenyeFunguo->size() = 3

Basi. Maana yake sanduku lolote kwenye mchoro lazima litaje wenye funguo watatu, si wawili, si wanne. Kisha nikaandika wa pili, kwamba mtunza sanduku asiwemo kati ya wenye funguo. Hiyo ndiyo siri ya usalama wa kikoba kizima! Anayelala na sanduku uvunguni hana ufunguo, wenye funguo hawana sanduku. Akili ya bibi zetu hiyo, nami nimeifunga kwenye mchoro kwa mstari mmoja.

Nikaamua kuuchokoza. Nikachora sanduku lenye wenye funguo wawili tu, makusudi, kama mtoto anayechungulia kama mama anaangalia. Nikabofya ukaguzi. Alama nyekundu! Tap! Pale pale juu ya sanduku, nyekundu kama pilipili kichaa, na ujumbe kwamba sharti langu limevunjwa. Sharti LANGU. Nikamwongeza wa tatu, nikakagua tena, wekundu ukayeyuka. Nikamtoa. Ukarudi. Nikamweka. Ukaondoka. Nimecheza mchezo huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mtu mzima.

Jambo moja nusura linitege hapa, na wewe lisikutege. Masharti ya muhuri yanakagua mchoro, hayakagui pesa. Kikoba kinamkopesha mwanachama mpaka mara tatu ya akiba yake, nami nikataka mchoro ukamate mkopo wa mtu aliyezidisha. Hauwezi! Kwenye mchoro hakuna mtu wala noti, kuna michoro ya watu na noti. Kinachowezekana ni kudai kila «mkopo» uwe na kibandiko cha kikomo kilichojazwa, na kisizidi 3, ili atakayeandika programu aikute namba ile na kuifanyia kazi. Nikafanya hivyo. Nilinuna kama dakika mbili hivi, halafu nikaona ni sawa, ramani ya nyumba nayo haizuii mvua.

Eti nilidhani nimevumbua kitu! Kumbe watu wamekuwa wakila karamu hii muda mrefu. Jim Conallen mwaka 1999 alitaka kuchora tovuti kwa UML, akakuta ukurasa mmoja wa wavuti una nyuso mbili, mmoja unaopikwa kwenye seva na mwingine unaoliwa kwenye kivinjari cha mteja, na klasi ya kawaida inazichanganya zote kwenye sufuria moja. Akatengeneza mihuri miwili, mmoja kwa kila uso, na mshale wa kati yao akaupa muhuri wa "hujenga". Ukurasa wa seva hujenga ukurasa wa mteja. Tamu, tamu, tamu! Neno moja tu juu ya mshale, na watu wakaelewana.

Na wale wa ndege na setilaiti! Wao neno klasi halikuwakaa kabisa, wanajenga mabawa na matangi, si programu peke yake. Mwaka 2007 wakapata SysML, profaili kubwa iliyoshona UML upya kwa ajili yao: klasi ikawa bloku, na likaja jambo ambalo mimi nimelitamani maisha yangu yote, sharti la mteja lenyewe kuwa kisanduku kwenye mchoro, lenye namba yake na maneno yake, na mshale unaoonyesha ni kifaa gani kinalitimiza. Wale wa kompyuta ndogo zinazofichwa ndani ya mashine, ambako kuchelewa kidogo ni ajali, wana MARTE yao tangu 2009, mihuri ya muda na kasi. Kila ukoo na nguo zake.

SysML imekua mpaka nguo zimeibana. Toleo lake la pili limehama, halijengwi tena juu ya UML. Na hapo ndipo ukomo wa profaili ulipo: unaongeza, unabana, unapamba, lakini huwezi kuiondoa kanuni ya UML iliyokuwepo wala kuipinga. Kazi yako ikiwa mbali kabisa na UML, utalazimika kujenga lugha nzima ya peke yako, na huko ni kazi ya timu na miezi. Kikoba hakijafika huko. Kikoba kinatosha kwenye mihuri sita!

Haya, leo sasa. Leo!

Nimefika, shikamoo mama mdogo, marahaba mwanangu, kaa, kula muhogo. Mkutano ulikuwa umekaribia kwisha, sanduku la kweli liko katikati ya mkeka limefunguliwa, la bati, la bluu, rangi imebanduka kwenye pembe. Nikaweka laptopu kando yake. Nikafungua mchoro. Kijipicha changu chenye kufuli tatu kule, sanduku lenyewe huku. Kimya kidogo. Kisha mama mmoja wa nyuma akasema, "Eeh! Hilo si letu hilo?"

Sikueleza chochote, ndugu yangu. Chochote! Mama mdogo alivaa miwani na safari hii hakuuliza choo. Akaanza kusoma kwa kidole, kutoka kwenye kijipicha mpaka kijipicha: hisa inaingia mfuko wa mikopo, ndiyo, mchango unaingia mfuko wa jamii, ndiyo, wenye funguo ni hawa, ndiyo, ndiyo. Kidole kikasimama. Kikarudi. Kikagonga skrini, tok tok, kwa ile sauti ya mweka hazina anayekuta hesabu haijakaa.

"Mwanangu, mbona faini umeiingiza kwenye mfuko wa mikopo?"

"Si ndiko inakokwenda, mama mdogo?"

"Nani kakwambia? Kwetu faini ni ya mfuko wa jamii. Ya msiba na ugonjwa. Ukiichanganya na ya mikopo, siku ya kuvunja kikoba tutauana hapa!"

Wote wakalipuka. Wapo waliosema ni sawa, ni ya jamii tangu mwanzo, wapo waliokumbushia mwaka fulani ilipochanganywa na ugomvi uliotokea, mmoja akataka ichorwe faini ya kuchelewa na faini ya kutohudhuria, mbali mbali. Nilikuwa nimekaa katikati yao naupindua mshale kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine huku mikono inatetemeka kwa furaha. Lile kosa lilikuwa kwenye mchoro wangu wa kwanza pia! Lilikaa pale miezi yote ile, ndani ya visanduku vyangu vikavu, na hakuna aliyeliona, kwa sababu hakuna aliyeweza kusoma. Lingeingia kwenye programu. Lingeingia kwenye simu za watu 18. Kijipicha kidogo kama ukucha kimelikamata ndani ya dakika kumi.

Na bado, na bado! Nilipokuwa nafunga laptopu nikawaonyesha mchezo wa mwisho. Profaili inavuliwa! Unauambia mchoro uiache, na mihuri yote inapotea, vijipicha vinapotea, kinabaki kile kiunzi cha UML tupu, kizima, hakuna klasi iliyovunjika, hakuna mshale uliopotea mwisho wake. Mhandisi mwenzangu asiyejua kikoba anaupokea huo na kuufanyia kazi zake. Mimi nabaki na nakala yenye mihuri, maana ukiivua profaili mihuri uliyoigonga inafutika, na nakala hiyo ndiyo ninayoirudisha Mbagala. Mchoro mmoja, kanzu mbili. Mama mdogo alipoona sanduku lake limegeuka mstatili mtupu alishtuka, akanipiga begani, "Rudisha! Rudisha sanduku letu!" Nikarudisha. Wakapiga makofi.

Kwa hiyo wewe, ndiyo, wewe mwenye mchoro wa zahanati, wa ghala la korosho, wa mashua, wa shule, uliokaa kwenye folda na hakuna anayeufungua: usimalize hata wiki. Papyrus ni ya bure, inakubali Windows, Linux na Mac. Ukiwa na programu nyingine ya UML, nyingi zao zina mlango huo huo, tafuta tu palipoandikwa profaili. Usianze na mihuri 14 kama mimi, utajichanganya. Nenda kwa mtu anayeijua kazi yenyewe, msikilize anavyoongea, chukua neno moja analolirudiarudia, lifanye muhuri, lipe kijipicha, ligonge kwenye kisanduku kimoja. Halafu nipigie simu. Hata iwe saa nane ya usiku, nipigie, nitakuwa macho: kina mama wanataka faini mbili ziwe zimetenganishwa kabla ya Jumamosi, na viatu bado sijavua.